Fundi Sikio na Beringi ya Klachi

Jina alilopewa na wazazi wake silitaji hapa, kwa sababu hata mkewe, ambaye ni dada yangu wa tumbo moja, alilitumia akikasirika tu. Kila mtu alimwita Sikio. Duka la vipuri lilimwandikia hivyo kwenye risiti, na mteja mgeni aliyepotea njia aliuliza tu, "Kwa Sikio ni wapi?" akaonyeshwa. Mimi na yeye tuliitana shemeji. Tulifanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye gereji moja, juu ya shimo moja, kwa sanduku moja la spana, mpaka gereji nzima nayo ikaniita Shemeji, wakiwemo watu ambao sina udugu nao hata wa kuazima.

Naandika habari zake kwa sababu watu wanazisimulia vibaya. Wanasema uzee ulimshinda. Uzee gani? Alikuwa na miaka hamsini na minane na bado aliinua giaboksi kwa kifua chake. Aliyemwangusha ni mimi, na nilimwangusha nikiwa nimesimama wima, taa mkononi, bila kufungua mdomo.

Gereji yetu ilikuwa uwanja wa mchanga uliolowa oili, nyuma ya ukuta wa matofali ambao haujawahi kupigwa lipu. Upande mmoja kulikuwa na paa la mabati, na chini yake shimo la kuingilia chini ya magari, meza ya chuma yenye jiliwa la kubania vyuma, na rafu ya mbao iliyojaa vipuri ambavyo hakuna aliyekumbuka vilitoka kwenye gari gani. Upande wa pili alikuwa mchomeleaji tuliyemwita Cheche, mtu mwema lakini mwenye kucheka kabla hajajua kinachochekwa.

Gari likija na mlio, hakuna aliyeruhusiwa kuligusa kabla halijasikilizwa. Sikio alinyanyua mkono akasema, "Kimya!" Cheche alizima mashine yake. Kompresa ilizimwa. Mwenye nyundo aliishikilia pale pale ilipofika. Kisha Sikio alichukua kipande chake cha mpini wa fagio, kilichokuwa cheusi na laini kwa kushikwashikwa, akashuka shimoni, akaegemeza ncha moja kwenye giaboksi na nyingine kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Kutoka huko chini alimwamrisha mwenye gari: "Kanyaga klachi. Achia. Kanyaga nusu. Sasa achia polepole, mama, huui mende."

Akipanda alikuwa na jibu, na akishatoa jibu hakuna aliyeongeza neno. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya gereji. Haikuandikwa popote, lakini aliyeivunja alikiona.

Sifa yake kubwa ilikuwa klachi. Gari la gia za mkono likishazeeka lina namna zake za kulalamika, na yeye alizieleza hivi. Injini inaunguruma, gia haijaingia, mguu wako hauko kwenye klachi, na unasikia ngurumo huko chini. Ukikanyaga, ngurumo inakatika. Hiyo ni beringi ya ndani ya giaboksi. Kinyume chake, gari limetulia, unakanyaga klachi, na hapo hapo unaanza mlio mwembamba wa filimbi. Hiyo ni beringi ya klachi yenyewe, ile inayosukumwa na mguu wako ili injini na giaboksi viachane. Na kama gari halilii ila linatetemeka kama mwenye homa linapoondoka, basi sahani ya klachi imeungua.

Ukieleza hivyo kila mtu anaona rahisi. Lakini gari kuukuu halitoi mlio mmoja. Kuna ekzosi iliyotoboka, kuna bati linalogonga, kuna mkanda unaolia, na vyote vinasema kwa wakati mmoja kama abiria walioibiwa. Sikio aliweza kuvichambua. Nilimwona siku moja akisimamisha lori lililokuwa linapita zake barabarani, akamwambia dereva kwamba beringi ya klachi haifiki Ijumaa. Dereva alimtukana. Alhamisi lori lilirudi likivutwa kwa kamba.

Aliwadharau mafundi ambao hubadilisha kila kitu ili wasikosee. Aliwaita wabadilishaji. "Fundi anasikiliza," alisema. "Mbadilishaji ana boksi la vipuri vipya tu." Na mimi nilimwamini, na hata leo nikiwa nimemkosea kiasi hiki, bado naamini alikuwa sahihi.

Sasa nije kwenye langu.

Nilifika kwake nikiwa na miaka kumi na tisa, akiwa ameshamwoa dada. Miezi michache baadaye lilikuja lori la maji. Yeye alikuwa bado shimoni na kijiti chake, mimi nilikuwa juu, na mlio nikausikia waziwazi mguu wa dereva ulipokanyaga. Nikajisahau. Nikasema kwa sauti, mbele ya watu, "Ni beringi ya klachi hiyo."

Kichwa cha Sikio kikatokeza shimoni, grisi kwenye paji la uso.

"Huyu shemeji yangu," aliwaambia wateja, "Mungu alimpa masikio ya kuning'inizia miwani."

Wakati huo hata miwani sikuwa nayo. Walicheka wote, Cheche akalia machozi. Jioni giaboksi iliposhushwa tukakuta ni beringi ya klachi. Sikio aliibadilisha, akafuta mikono kwa tambara, akaenda nyumbani.

Utani huo ukahamia kwetu na kukaa. Nikikosea spana: miwani. Nikichelewa kuitikia: miwani. Kwenye harusi yangu alishika kipaza sauti akawasimulia wakwe zangu kisa chote, na baba mkwe alicheka mpaka akapaliwa. Mke wangu mpaka leo nisipomwitikia haraka huniuliza kama miwani imeteleza. Mtasema huo ni utani wa mashemeji, na utani wa mashemeji haununiwi. Najua. Nilicheka nao miaka yote hiyo. Nilichokitaka kilikuwa kidogo sana. Nilitaka siku moja atoke shimoni aniulize, "Shemeji, wewe umesikia nini?" Hakuniuliza hata mara moja.

Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kujua kwamba masikio yake yanaondoka. Simu ililia kwenye mfuko wa shati lake, ikalia mpaka ikachoka, na yeye akaniuliza kwa nini namkodolea macho kifuani. Mtu aliyepiga nyundo miaka thelathini, kichwa kikiwa karibu na chuma, sauti nyembamba ndizo zinazomkimbia kwanza. Nene alikuwa bado anazisikia, hasa kwa kijiti, kwa sababu zilipita mfupani. Filimbi, kengele, mlio wa beringi kavu, hivyo vilikuwa vimekwenda.

Dada naye akaona. "Shemeji yako siku hizi ananijibu nisichomuuliza," aliniambia. "Juzi namwambia kuna mgeni mlangoni, ananiambia weka mezani. Zungumza naye akapimwe. Wewe atakusikiliza."

Nikamwambia nitazungumza naye. Sikuzungumza. Niseme ukweli wangu wote, maana hakuna faida ya kuupunguza sasa: nilifurahi. Nilikaa na siri ile kama mtu aliyeokota kitu chenye thamani. Nikasema, sasa tutaona nani ana masikio ya kuning'inizia miwani. Wakati huo miwani nilikuwa ninayo kweli.

Nikangoja akosee. Kilichonishangaza, na kunikera pia, ni kwamba hakukosea. Mwaka ukapita, wa pili ukaanza. Magari yakaja, akanyanyua mkono, akashuka, akapanda na jibu, na jibu likawa sawa. Ila alikuwa na tabia mpya. Alianza kunitaka karibu. "Shemeji, njoo unishikie taa." Hata mchana wa jua kali, nishike taa. Nikishika upande wa nyuma yake alinisogeza: "Kaa huku mbele, mwanga unakuja vizuri." Nikasimama mbele yake, nikimulika mikono yake, na moyoni nikisema, baada ya miaka yote hii nimepandishwa cheo, nimekuwa nguzo ya taa.

Halafu ikaja pikapu ya mpwa wangu.

Huyo ni binti yao wa kwanza, ambaye nimembeba mgongoni. Alikuwa anauza mayai. Alianza na baiskeli, akaenda hivyo miaka minne, mpaka akanunua pikapu iliyomzidi umri. Mwezi ule alikuwa amepata tenda ya kupeleka mayai kila asubuhi kwenye bweni la chuo, na walikuwa wamemwambia wazi kwamba akishindwa mara mbili wanamchukua mwingine. Alikuja Jumatatu asubuhi, akaegesha juu ya shimo mwenyewe kwa ustadi, akashuka na kiboksi kidogo mkononi.

"Shikamoo baba. Shikamoo mjomba. Baba, inalia. Nikiachia klachi inanguruma, nikikanyaga inapiga filimbi. Muuzaji wa vipuri amesema ni beringi ya klachi, nimeshainunua."

"Muuzaji amekuwa fundi lini?" Sikio alisema, akimtazama mdomo. "Kimya!"

Cheche akazima mashine. Mpwa wangu akapanda akakaa nyuma ya usukani. Mimi nikashuka shimoni na taa. Sikio akaegemeza kijiti.

"Achia."

Ngurumo ikasikika. Beringi ya giaboksi, haina ubishi. Hata Cheche angeijua.

"Kanyaga."

Ngurumo ikakatika, na ndani ya ule utulivu ukaja mlio mwembamba, safi, wa beringi ya klachi iliyokauka grisi. Pikapu ilikuwa na magonjwa mawili, na ilikuwa inayataja yote moja baada ya jingine. Sikio alikuwa amefumba macho, anasikiliza kwa mfupa. Alisikia ngurumo inakatika. Baada ya hapo, kwake yeye, kulikuwa na utulivu mtupu.

Akapanda. "Beringi ya giaboksi," akasema. "Tunashusha leo."

Nusu ya jibu ilikuwa sahihi. Nilijiambia kwamba akishashusha ataiona nyingine, kwa kuwa beringi ya klachi iko pale pale mbele ya giaboksi, huwezi kuikwepa. Tukashusha. Tukaweka beringi mpya ndani ya giaboksi, kazi ya siku mbili, kazi nzuri, hakuna mtu angeifanya vizuri zaidi. Jumatano adhuhuri, kabla ya kurudisha, akaitoa beringi ya klachi ya zamani, akaifuta, akashika pete yake ya ndani kwa vidole viwili na kuizungusha ya nje karibu na sikio, kama alivyofanya mara elfu.

Ililia. Ilikuwa bado haijaanza kukwaruza, kwa hiyo vidole visingemwambia kitu. Lakini ililia, na Cheche alikuwa ameenda kula, hakukuwa na kelele nyingine yoyote pale uwanjani. Mimi nilikuwa hatua mbili mbele yake na taa yangu. Akaizungusha tena. Kisha akainua macho akanitazama.

Nilitakiwa kusema maneno machache tu. Shemeji, hiyo imekufa. Sheria ya gereji ilikuwa hainizuii hata, maana alikuwa hajatoa jibu bado. Lakini alikuwa ananitazama kwa namna niliyodhani ni ile yake ya zamani, ya mtu anayesubiri niseme ili ninyamazishwe. Nikasikia kicheko cha mwaka wangu wa kwanza. Nikasikia kipaza sauti cha harusini. Nikaukaza uso wangu, nikaunyoosha wote, asije akaona kwamba nilikuwa na la kusema.

"Nzima hii," akasema.

Mpwa wangu alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu karibu na mlango. "Baba, si uweke tu hii mpya? Gari liko wazi tayari."

"Mimi si mbadilishaji. Kairudishe dukani."

Akanigeukia mimi. "Mjomba?"

"Baba yako ameshasema," nikamjibu.

Nimejiuliza sana nilikuwa nataka nini. Nadhani nilitaka aibu ya siku moja. Beringi ya klachi haifi ghafla. Hulia wiki kadhaa. Nilidhani mpwa wangu ataondoka, atausikia mlio, atarudi amekasirika, giaboksi itashushwa tena mbele ya watu, na Sikio atalazimika kusema amekosea. Basi. Nilikuwa nimeshaandaa hata uso wa huruma wa siku hiyo.

Alirudi kweli, siku ya tano, lakini hakuwa na hasira. "Baba, ile filimbi bado ipo." Sikio akamwambia giaboksi inaizoea beringi mpya, itanyamaza yenyewe. Na mpwa wangu, ambaye alikua akisikia watu wazima wakinyamaza baba yake akinyanyua mkono, akapanda gari lake akaondoka. Sikusema kitu siku hiyo pia. Sasa ningesema vipi? Ningeulizwa siku ile ya kwanza nilikuwa wapi.

Siku ya kumi na tisa alifika kwenye geti la bweni, asubuhi, trei zimejaa nyuma. Akafanya jambo ambalo madereva wote hufanya: aliacha gia ya kwanza imeingia, akakanyaga klachi, akasubiri afunguliwe. Mlinzi alikuwa anavuta komeo. Beringi ikapasuka. Mguu wake ulikuwa bado umekanyaga, lakini chini yake hakukuwa tena na kitu cha kukanyaga. Klachi ikashika, pikapu ikaruka hatua mbili na kuzimika. Hatua mbili zilitosha kuligonga geti. Mkono wa mlinzi ulikuwa kati ya komeo na nguzo. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, na ni mtu mwenye umri wa baba yangu. Mayai yalimwagika mpaka mtaroni. Tenda ilikwisha hapo hapo, hakuna aliyesubiri mara ya pili.

Wenye bweni waliivuta pikapu mpaka gereji ya jirani yao, na fundi wa huko ndiye aliyeshusha giaboksi. Keshokutwa yake mpwa wangu akaja kwetu kwa miguu, na mfuko wa plastiki.

Sikio alikuwa amechuchumaa, amelipa geti mgongo, anaosha bolti kwenye beseni la petroli. Kazi isiyo na kelele.

"Baba," mpwa wangu akamwita.

Cheche akageuka. Mimi nikageuka. Mteja aliyekuwa amekaa kwenye benchi akageuka.

"Baba."

Sikio akainua bolti, akaitazama, akairudisha kwenye beseni.

"Baba!"

Aliita kwa sauti ambayo ingemwamsha mtu nyumba ya pili. Sikio aliendelea kuosha. Nilimwona mpwa wangu akielewa; nilimwona akipitisha mambo kichwani moja baada ya jingine, mgeni wa mlangoni, simu ya mfukoni, filimbi. Akanitazama.

"Tangu lini, mjomba?"

Akazunguka akasimama mbele ya baba yake. Sikio alipoona miguu akainua uso, akatabasamu. "Mama, umekuja! Mkono wa yule mzee unaendeleaje?"

Mpwa wangu akamimina mfuko juu ya meza ya chuma: vipande vya beringi, gololi nne, bati lililoungua mpaka likawa la bluu. Sikio akafuta mikono, akasogea, akachukua kipande kimoja. Alikiangalia muda mrefu. Hakuhitaji masikio kwa hilo. Nilimwona akikiweka mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika zaidi.

Ndipo mpwa wangu akanigeukia, na Cheche akazima mashine bila kuambiwa, na uwanja mzima ukanyamaza kama wakati wa kusikiliza gari.

"Mjomba, wewe ndiye uliyekuwa umeshika taa. Baba hakusikia. Na wewe hukusikia?"

Nilikuwa na nafasi tena. Watu wengi hawapati ya pili. Sikio alikuwa anatazama mdomo wangu.

"Mimi sina sikio," nikasema. "Muulize baba yako."

Cheche akacheka. Alicheka kwa mazoea tu, maskini, miaka ishirini na miwili alicheka kila masikio yangu yalipotajwa, na alipoona hakuna anayecheka naye akaziba mdomo kwa glavu.

Sikio alivua ovaroli, akaitundika kwenye msumari wake. Akauweka ule mpini wa fagio juu ya rafu. Akamshika binti yake mkono, wakatoka getini pamoja, na hakurudi tena.

Wateja waliendelea kuja. Ninawahudumia mimi. Wananiambia, "Shemeji, sikiliza hapa," nami nasikiliza, na nasikia vizuri sana, Mungu anisamehe. Yule mlinzi anafungua geti kwa mkono wa kushoto. Mpwa wangu amerudi kwenye baiskeli, na akinikuta njiani ananiamkia, shikamoo tu, neno mjomba hakuna.

Wiki ya tatu dada alinipigia simu. "Shemeji yako anakuita," alisema, na akakata bila kuniuliza hali yangu.

Nilikwenda Jumapili mchana. Sebule yao naijua kama yangu: makochi yenye vitambaa, kabati la glasi, picha ya harusi yao ambayo mimi niko pembeni na suruali ya kuazima. Televisheni ilikuwa inaonyesha mpira na sauti imezimwa kabisa. Sikio alikuwa amekaa kwenye kochi lake, amenyolewa, anaonekana mgonjwa ingawa haumwi. Nikaanza kuzungumza kwa sauti kubwa, nikimuuliza habari za nyumbani.

"Usipige kelele," akasema. "Kaa hapo, kwenye mwanga. Nakuona."

Nikakaa.

"Unajua nilikuwa nafanyaje?" akaniuliza. "Tangu mwaka juzi. Ngurumo nilikuwa nazisikia kwa kijiti. Hizi nyembamba sikuwa nazo tena. Nilikuwa nakuangalia wewe."

Sikumwelewa. Aligusa pua yake, hapa juu, kati ya macho.

"Kitu kikilia vibaya unakunja hapa. Hujui? Umekunja hivyo tangu ulipokuja ukiwa kijana. Siku ya lile lori la maji ulikunja kabla hujasema. Basi masikio yaliponiacha nikasema, si kitu, shemeji yupo. Nikakupa taa ushike ili nikuone vizuri. Ukikunja, najua ni mbovu. Usipokunja, nzima. Miaka miwili hatukukosea."

Alisema hatukukosea. Alisema kama anazungumzia watu wawili.

"Ungeniuliza," nikasema. Sauti haikutoka vizuri, lakini yeye hakuhitaji sauti.

"Niliona aibu," akasema. "Baada ya maneno yote yale, nikuulize umesikia nini? Kule shimoni nilifumba macho kwa ajili ya ngurumo, uso wako sikuuona. Ile beringi ndiyo niliizungusha, nikakuangalia. Uso wako ulikuwa umenyooka kama wa picha ya kitambulisho. Nikazungusha tena, labda hukuwa makini. Umenyooka. Nikasema kama shemeji hakukunja, basi hii ni nzima."

Kwenye televisheni mtu alifunga goli, wachezaji wakarukiana bila sauti. Nilitazama picha ya harusi, nikatazama sakafu.

"Nitazame," akasema. Nikamtazama. "Nimekuita kwa jambo moja tu. Siku ile, ulisikia?"

Nilikuwa nimeandaa jibu njiani. Nilitaka kumwambia hapana, kwa sababu ya dada, kwa sababu ya mpwa wangu, kwa sababu mzee wa watu angalau abaki na mtu mmoja wa kumwamini. Nikaukaza uso wangu kama nilivyoukaza siku ile, nikaunyoosha wote. Lakini mlio ule ulikuwa bado umo kichwani mwangu, haujatoka tangu Jumatano ile, na nilipoukumbuka nikahisi ngozi ya juu ya pua inajikunja yenyewe, na sikuweza kuizuia.

Aliona. Alikaa muda akinitazama hapo hapo, kati ya macho.

"Haya, shemeji," akasema.

Dada akaingia na chai, akatutazama wote wawili, akauliza tumezungumza nini. Aliuliza akiwa amemgeukia mumewe, polepole, ili amwone mdomo.

"Amenijibu," akasema Sikio, na akarudi kutazama mpira.